Karata za Mashairi Mia

Japani, Mwaka Mpya una michezo yake. Zamani wasichana walirushiana kwa vibao kokwa lililochomekwa manyoya ya ndege, na aliyeliangusha alipakwa wino usoni. Vibao hivyo sasa ni mapambo zaidi. Kila Desemba huuzwa kwenye gulio la hekalu la Senso-ji, Tokyo. Mchezo mwingine wa Mwaka Mpya, karuta, yaani karata, haukuishia ukutani.

Karata zilifika Japani karne ya 16 pamoja na Wareno, haohao waliojenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Wajapani wakazioanisha na mashairi. Diwani inayochezewa ni Hyakunin Isshu, mashairi 100 ya washairi 100, ambayo mkusanyaji wake anatajwa kuwa Fujiwara no Teika wa karne ya 13. Msomaji hughani mwanzo wa shairi. Wachezaji hugombea karata yenye kituo chake.

Usidhani ni mchezo wa wazee wa barazani. Kwenye mashindano, wapinzani wawili hupiga magoti juu ya mikeka ya tatami, kila mmoja na karata 25 mbele yake. Hupewa dakika 15 za kukariri kila karata ilipo. Kisha kimya. Kuna mashairi 7 ambayo kila moja hutambulika kwa silabi yake ya kwanza tu, kwa hiyo msomaji hajafika popote, mkono umeshafyeka na karata imerukia mbali. Lakini zilizotandazwa ni 50 tu, na msomaji huchota kutoka mashairi yote 100. Mwenye pupa akigusa karata wakati lililosomwa halimo, mpinzani humwongezea moja ya kwake, na mshindi ni anayemaliza zake kwanza.

Fainali kubwa hufanyika Januari katika hekalu la Omi Jingu, mjini Otsu. Huko waamuzi wapo. Katika mechi nyingi za kawaida hawapo: nani kaigusa mwanzo, wachezaji huamua wenyewe kwa maneno, na mchezo huanza na kwisha kwa kuinamiana. Kwangu mimi, huo ndio ustadi mgumu kuliko kukariri.

Wadogo wasiojua kusoma nao hawaachwi. Karata za msomaji zina picha za washairi, basi hufunikwa na kufunuliwa moja moja: ukipata mwanamume, unabaki naye, ukipata mtawa, unatema zote ulizonazo, atakayefunua mwanamke anazizoa.