Kompyuta nyembamba ya bei nafuu: mambo ya kuangalia kabla ya kutoa dola zako

Tangu mfumo wa LMD ulipoenezwa katika vyuo vikuu vya Kongo, mwaka wa masomo 2021-2022, kompyuta imeacha kuwa kitu cha anasa kwa mwanafunzi wa Butembo, Beni ao Bunia. Masomo huja kwa PDF, kazi za kikundi huandikwa na kutumwa kwa simu, na mwishoni kuna kitabu cha kutetea mbele ya walimu. Asiye na mashine yake hupanga foleni kwenye sekretariati ya umma, hulipa kwa kila ukurasa, na faili yake hubaki ndani ya kompyuta ya mtu mwingine.

Kwa hiyo familia hujikaza. Mmoja anauza mbuzi, mwingine anangoja zamu yake ya likelemba, mwingine anaweka kando pesa za kahawa ao kakao. Dola 200 ao 250 zikishapatikana, macho hukimbilia mashine nyembamba, inayong'aa, nyepesi kama daftari. Wembamba una faida yake, tutaiona. Lakini kuna nyembamba zinazodumu miaka mitano, na kuna zinazomchosha mwenyewe kabla ya mwaka kwisha. Dukani, zote mbili zinaweza kuuzwa kwa bei moja.

Nyembamba za aina mbili

Kompyuta nyingi za mashariki mwa Kaskazini ya Kivu zinaingia kupitia Kampala na mpaka wa Kasindi, ao zinaletwa na wafanyabiashara kutoka Dubai. Katika bei hiyo ya dola 200 hadi 250, mnunuzi hukutana na aina mbili.

Aina ya kwanza ni mpya, ingali ndani ya karto. Mara nyingi ina prosesa ya Celeron, kwa mfano N4020, RAM ya giga 4 na hifadhi ya giga 64 aina ya eMMC. Haina kelele, haina joto, haina uzito. Shida yake ni kwamba RAM na hifadhi hiyo kwa kawaida zimechomelewa kwenye kadi yenyewe. Giga 64 ndicho kiwango cha chini kabisa kinachokubaliwa na Windows 11, na giga 4 za RAM vilevile. Maana yake, mashine inatoka kiwandani ikiwa imeshafika kwenye mpaka wake. Ukiongeza Word, masomo ya mwaka mmoja, picha za simu na marekebisho ya Windows, nafasi imekwisha. Hakuna fundi wa kukuongezea.

Aina ya pili ni okazioni: kompyuta zilizotumiwa na makampuni ya Ulaya, Marekani ao nchi za Ghuba, kisha zikauzwa kwa wingi. Hapa utasikia majina kama HP EliteBook 840, Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480. Nazo ni nyembamba kiasi, na nyingi zina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Zilitengenezwa kwa wafanyakazi wa ofisi wanaozibeba kila siku, hivyo bawaba na klavie zake zina nguvu. Na hizi tatu hufunguka kwa bisibisi ya kawaida: RAM hubadilishwa, diski ya SSD hubadilishwa, betri hubadilishwa.

Kwa mwanafunzi wa Butembo, tofauti hiyo ya mwisho ndiyo kubwa. Kwetu mashine haipelekwi kwa mtengenezaji wake. Inapelekwa kwa fundi wa mtaa, na fundi hawezi kurekebisha kitu ambacho hakifunguki.

Soma namba

Okazioni nayo ina mitego, na wa kwanza ni umri. Muuzaji atakuambia: «Hii ni i5.» Usiishie hapo. Tazama tarakimu inayofuata baada ya kistari. i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-7300U ni ya 7, i5-8350U ni ya 8. Windows 11 inakubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Na Windows 10 iliacha kupata ulinzi wa kawaida wa bure kutoka Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu siku hiyo, makampuni mengi yamekuwa na sababu ya kuondoa mashine za kizazi cha 6 na cha 7, nazo lazima zielekee mahali fulani.

Kwa HP EliteBook 840, maandishi G3 yanaonyesha kizazi cha 6, na G5 mara nyingi ile ya kizazi cha 8. Hii haimaanishi kwamba G3 ni ya kutupa. Ukiipata kwa bei ya chini sana, unaweza kuiwekea Linux Mint na LibreOffice, programu za bure zinazoandika na kuhesabu vizuri. Lakini usilipe bei ya G5 ukapewa G3.

Kuna pia kompyuta ndogo za shule za ng'ambo zinazoitwa Chromebook. Ni nyembamba na bei yake huvutia. Zimetengenezwa kwa mtu mwenye intaneti saa zote, na programu za kawaida za Windows hazikai ndani yake. Nyingine bado zimefungwa kwa jina la shule zilikotoka. Kwa mtu anayenunua mega kidogo kidogo, si msaada.

Robo saa mbele ya muuzaji

Muuzaji mwema hatakasirika ukiomba robo saa. Omba mashine iwashwe bila kuchomekwa kwenye umeme. Ikikataa, huenda betri imekufa.

Kisha fungua dirisha la amri la Windows, andika powercfg /batteryreport, na ufungue faili itakayotengenezwa. Utaona namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na uwezo wake wa leo inapojaa. Kama ya kwanza ni 50 000 na ya pili ni 40 000, betri imebaki na asilimia 80: nunua bila wasiwasi. Kama ya pili ni 20 000, umebaki na chini ya nusu, basi hesabu bei ya betri mpya kabla ya kupatana.

Halafu zima mashine na uiwashe tena ukiingia kwenye BIOS. Ikiomba neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache. Kompyuta za makampuni wakati mwingine huuzwa zikiwa bado zimefungwa, na siku utakapotaka kubadilisha mfumo hutaweza. Mwishoni bonyeza kila herufi, chomeka fulashi katika kila tundu, jaribu kamera na sauti, na upapase sehemu ya chini. Ikiwa tumbo limevimba ao sehemu ya kugusa kwa kidole imeinuka, betri imevimba ndani. Hiyo ni hatari ya moto, si jambo la kuombea punguzo la bei.

Omba risiti yenye namba ya mashine, na muda wa garanti uandikwe. Neno la mdomo halitakusaidia wiki ya tatu.

Umeme ndio unaoamua

Katika mitaa mingi umeme haufiki, ao unakuja kwa masaa. Wakaaji wengi wanategemea pano za jua, jenereta ao jirani. Hapa ndipo mashine nyembamba inaonyesha faida yake ya kweli.

Tufanye hesabu ndogo. Betri ya jua ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1 200 kwenye karatasi. Ile ya kawaida ya asidi isimalizwe zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Basi umebaki na 600. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kula wati 100, ikamaliza akiba hiyo kwa masaa sita. Kompyuta nyembamba, ukiwa unaandika tu, hula wati 10 hadi 15. Akiba ileile inakupa siku kadhaa za kazi, na taa ya nyumba inaendelea kuwaka.

EliteBook 840 G5, Latitude 7490 na ThinkPad T480 zina pia faida nyingine: huchajiwa kupitia tundu la USB-C. Kwa chaja ya gari yenye nguvu ya wati 65 inayotoa USB-C, unaweza kuchukua umeme moja kwa moja kutoka betri ya jua, bila kupitia kigeuzi cha volti 220 ambacho kinakula sehemu ya umeme njiani.

Anayetumia jenereta ao umeme wa mtandao aweke stabilizateri. Chaja ya kompyuta inavumilia kati ya volti 100 na 240, lakini haivumilii mruko wa ghafla umeme unaporudi. Na mvua ikianza kunguruma, chomoa. Mashariki mwa Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na kadi iliyoungua kwa radi mara nyingi haifufuki.

Klavie, mega na fulashi

Mashine kutoka Dubai huja na klavie ya QWERTY, wakati mwingine na herufi za Kiarabu pembeni. Sisi tulifundishwa AZERTY. Unaweza kuagiza mfumo ufuate AZERTY na kubandika stika juu ya herufi. Njia nyingine ni kuchagua klavie ya «États-Unis-International»: ukibonyeza alama ya apostrofi kisha e, unapata é. Baada ya wiki mbili vidole vinazoea.

Mega nazo zinaweza kupotea bila wewe kujua. Unapounganisha kompyuta na simu, Windows inaweza kuanza kupakua marekebisho na kumaliza forfe ya wiki kwa usiku mmoja. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi na uweke alama kwamba muunganisho huo ni wa kupimwa. Marekebisho ya ulinzi yafanye mahali penye intaneti ya bure, kwa mfano chuoni. Na kwa kusoma bila mega kabisa, kuna Kiwix, programu ya bure inayohifadhi Wikipedia ya Kifaransa ndani ya mashine. Anayeipakua mara moja anaweza kuigawia darasa zima kwa fulashi.

Fulashi hiyohiyo ndiyo njia kubwa ya virusi. Ikitoka sekretariati ya umma ao kwa rafiki, ipime kwanza kwa Defender, kinga iliyomo ndani ya Windows bila malipo.

Kazi moja, nakala tatu

Kompyuta ya dola 200 inaweza kununuliwa tena, ingawa kwa machozi. Kitabu cha mwisho wa masomo hakinunuliwi. Katika Beni, Lubero na Ituri, familia nyingi zimelazimika kukimbia na kile tu kinachoingia mkononi. Wezi nao hawachagui siku. Basi weka nakala tatu: moja ndani ya mashine, moja kwenye fulashi inayokaa nyumba nyingine, na moja unayojitumia kwa barua-pepe kila Ijumaa. Faili ya maandishi ni ndogo, haimalizi mega.

Kobalti iliyo ndani ya betri nyingi za aina hii hutoka kwa sehemu kubwa Lualaba na Haut-Katanga, kwani Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Koltani ya Rubaya, Masisi, hutumiwa katika vipande vidogo vya kadi za elektroniki. Madini yanaondoka kwetu kwa bei ya udongo, na yanaturudia yakiwa ndani ya mashine ambayo mzazi anaigharamia kwa mbuzi wake. Jambo hilo halitatatuliwa dukani Butembo. Lakini mtu anayelipa bei hiyo ana haki ya kuuliza kizazi cha prosesa, kusoma namba za betri, na kuondoka bila kununua kama majibu hayaridhishi.

Anayetafuta leo kwa dola 200 na kitu, ashike haya: okazioni ya kizazi cha 8 ao zaidi, RAM ya giga 8, SSD ya giga 256, betri yenye zaidi ya asilimia 70, na sehemu ya chini inayofunguka kwa bisibisi. Ikiwa ni nyembamba pia, vizuri.