Majina ya Manowari Katika Mlango wa Ruvuma

Mto Ruvuma huingia Bahari ya Hindi kusini mwa Mtwara, kati ya mikoko na mafungu ya mchanga. Mwezi wa Mei 1916 manowari mbili za Kireno, "Adamastor" na "Chaimite", zilifika katika mlango wa mto huo. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia askari waliotaka kuvuka kutoka ukingo wa Msumbiji na kuingia nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, yaani upande wa Mtwara, Mikindani na Mpapura.

Vita hivyo kwa kawaida huelezwa kwa hesabu ya askari na mizinga. Hata hivyo majina ya manowari hizo nayo ni ushahidi wa historia. Jina la manowari halitolewi ovyo. Huonyesha taifa lililoijenga lilimhesabu nani kuwa shujaa, na lilijivunia kumshinda nani.

Jitu la rasi

Jina la Adamastor limetoka katika utenzi wa Luís de Camões uitwao "Os Lusíadas", uliochapishwa mwaka 1572. Humo Adamastor ni jitu linaloinuka kwenye rasi ya kusini mwa Afrika na kumtabiria Vasco da Gama maangamizi. Ni kiumbe cha ushairi. Sifa ya ushujaa huwaendea mabaharia waliopita mbele yake bila kurudi nyuma.

Manowari yenyewe ilizaliwa na fedheha. Januari 1890 Uingereza iliipa Ureno onyo la mwisho, ikiitaka iwaondoe askari wake katika maeneo yaliyo kati ya Angola na Msumbiji. Ureno ililazimika kutii. Wananchi wake wakachanga fedha ili kuimarisha jeshi lao la majini, na michango hiyo ndiyo iliyolipia chombo hiki. Kilijengwa Livorno, Italia, na kushushwa majini mwaka 1896. Kwa aina kilikuwa kruza, yaani manowari ya safari ndefu na ulinzi wa makoloni, yenye tani zipatazo 1,750 na mizinga miwili mikubwa ya milimita 150. Oktoba 1910 manowari hiyohiyo, iliyonunuliwa ili kurudisha heshima ya ufalme, ilipiga mizinga jumba la mfalme mjini Lisbon katika mapinduzi yaliyoleta jamhuri.

Kijiji cha Gaza

Jina la Chaimite linatuhusu Waafrika kwa karibu zaidi. Chaimite ni kijiji cha kusini mwa Msumbiji, ambako alizikwa Soshangane, mwasisi wa dola ya Gaza. Mjukuu wake, Ngungunyane, alitawala tangu mwaka 1884. Tarehe 28 Desemba 1895 alikamatwa kijijini hapo na kikosi cha Kapteni Mouzinho de Albuquerque. Alipelekwa Lisbon, kisha visiwa vya Azores, na huko akafa mwaka 1906 bila kuiona tena nchi yake.

Kwa Wareno wa wakati ule shujaa wa Chaimite alikuwa Mouzinho, na manowari ndogo iliyojengwa muda mfupi baadaye ikapewa jina la mahali pa ushindi wake. Hivyo jina la Kiafrika liliandikwa ubavuni mwa chombo cha wakoloni, si kwa kuwaheshimu wenyeji bali kwa kukumbusha kushindwa kwao.

Maji na mchanga

Mbele ya Ruvuma, majina hayo hayakufaa kitu. Maji ya mto yanapokutana na bahari hupungua mwendo, na mchanga yaliouchukua hutua chini na kufanya mafungu. Mafuriko ya masika huyahamisha mafungu hayo, na njia ya maji iliyofaa mwaka huu yaweza kuzibwa mwaka ujao. Isitoshe, wakati wa bamvua bahari ya pwani hii hupanda na kushuka kwa zaidi ya meta 3. David Livingstone aliyajua hayo: Machi 1861 aliingia Ruvuma kwa meli yake "Pioneer", ambayo ilizama majini kiasi cha meta 1.5 tu, lakini maji yalipopungua alilazimika kurudi.

Adamastor ilihitaji kina cha zaidi ya meta 4. Iliweza kupiga mizinga, lakini haikuweza kuwavusha askari. Kazi hiyo iliachiwa mashua. Tarehe 27 Mei 1916 mashua hizo zilipokaribia ukingo wa kaskazini zilipokewa kwa risasi za rashasha, na shambulio likavunjika kwa hasara kubwa. Wareno walivuka mwezi wa Septemba mwaka huo, wakaiteka Newala Oktoba, na kufukuzwa tena kabla ya mwaka kwisha.

Shujaa ni nani?

Adamastor iliondolewa katika utumishi katika miaka ya 1930. Mwaka 1985, Msumbiji ilipotimiza miaka kumi ya uhuru, sanduku la mabaki ya Ngungunyane lilipokewa Maputo kwa heshima za taifa. Aliyekuwa mateka katika jina la manowari akawa shujaa wa nchi huru. Hata hapo mjadala haukwisha, kwa kuwa Wachopi na wengine walioteswa na majeshi ya Gaza wana kumbukumbu yao tofauti.

Liko kundi jingine ambalo halikutajwa na manowari yoyote kati ya hizi. Machi 1916, wiki chache kabla ya mashambulizi ya Ruvuma, meli ya Kijerumani "Marie" ilipenya ulinzi wa Waingereza na kutia nanga Sudi, kati ya Lindi na Mikindani. Silaha zake zilichukuliwa bara vichwani na mabegani mwa wapagazi. Kila jeshi lililopigana katika nchi hii liliwategemea watu hao, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu.

Wapagazi hao wametoweka, lakini wajukuu na vitukuu wao wangali wakiishi katika vijiji vya nyuma ya pwani, Mpapura ikiwa kimojawapo. Masimulizi waliyorithi yafaa kuandikwa shuleni na vijijini kabla hayajapotea. Majina ya manowari yamehifadhiwa katika kumbukumbu za Lisbon. Majina ya wapagazi hayana mahali pengine pa kuhifadhiwa ila hapa.