Zungumza na mwanao unapomwogesha

Asubuhi, maji ya vuguvugu yako kwenye beseni, mtoto wa miezi miwili anavuliwa nguo. Mama anafanya kazi yake vizuri: kichwa amekishika, masikio hayaingii maji, mafuta na taulo viko karibu. Lakini tangu aanze hadi amfunge nepi hasemi neno. Ukimuuliza, atakujibu: “Nimwambie nini, kwani anaelewa?”

Maneno haelewi, ila sauti anaijua. Mtoto huanza kusikia akiwa bado tumboni, ndiyo maana akizaliwa huitambua sauti ya mama yake.

Huhitaji kutenga muda wa mazungumzo. Kuogeshwa, kubadilishwa nepi na kunyonya kunatosha. Mwinamie, uso wako uwe sentimita 20 hadi 30 kutoka kwake, kwani hapo ndipo mtoto mchanga anapoona vizuri. Mwambie unachofanya: “Sasa tunaosha mguu. Haya, lete na wa pili.” Kisukuma, Kihaya au Kiswahili, lugha yoyote mnayoongea nyumbani inafaa. Baba naye asione haya, hata kama majirani watacheka.

Kisha nyamaza. Hapa ndipo wengi tunapokosea, tunaongea mfululizo bila kumpa mtoto zamu yake. Subiri kidogo. Atakukazia macho, atarusha miguu, atatoa “aguu”. Mjibu. Akigeuza uso pembeni amechoka, mwache apumzike. Redio na simu haziwezi kumsubiri wala kumjibu, kwa hiyo hazichukui nafasi yako.

Mzazi mwenye mazoea haya ndiye anayegundua mapema kwamba mtoto hasikii vizuri. Kwa kawaida, mtoto wa miezi sita hugeukia sauti inakotoka, na kufikia miezi tisa hutamka “ba-ba-ba” au “ma-ma-ma”. Mwite ukiwa pembeni, mahali asipokuona, maana hata asiyesikia hutabasamu akiona uso wako, na miezi ya mwanzo huguna kama wenzake. Hilo huwadanganya wazazi wengi.

Asipogeuka, usikubali kuambiwa kwamba ni mzito tu kama kaka yake. Mpeleke kliniki, useme wazi kwamba unataka apimwe masikio, hasa kama alizaliwa njiti, alipata manjano makali au aliugua homa ya uti wa mgongo. Ukiambiwa usubiri hadi afikishe miaka miwili, omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo.