"Setilaiti imeonyesha hewa yetu ni safi": uliza haya kwanza

1/ Hiyo kauli utaisikia kwa midahalo. Hebu tuichambue.

2/ Ozoni ya chini, ile inayoumiza mapafu, haitoki kwa gari moja kwa moja. Moshi wa magari na viwanda ukipigwa na jua kali ndio unaizaa.

3/ Shida ni kwamba karibu 90% ya ozoni iko juu kabisa, ikitukinga na miale ya jua. Setilaiti ikitazama chini, hiyo ya juu inaifunika hii tunayovuta.

4/ Sentinel-5P hupita mara moja kwa siku. Amerika Kaskazini wana TEMPO, iliyorushwa 2023, inapima kila saa mchana. Sehemu kubwa ya Afrika bado haina ya aina hiyo.

5/ Kwa hivyo muulize mgombea: mitambo ya kupima huku chini iko wapi, na mwananchi anaona hayo matokeo?