Likizo ya Uzazi: Siku Ngapi, na Nani Analipa?

Mwajiriwa wa Goma akilinganisha likizo yake ya uzazi na ya mwenzake wa Mwanza, atadhani yeye ndiye kapendelewa. Sheria ya kazi ya Kongo inampa wiki 14, yaani siku 98. Ya Tanzania inatoa siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mapacha. Lakini Kongo mwajiri analazimika kulipa theluthi mbili tu ya mshahara. Piga hesabu: siku 98 za theluthi mbili ni sawa na malipo ya siku 65 hivi. Wa Mwanza anapokea zake 84 kamili.

Uganda nayo ina hesabu yake. Sheria ya 2006 inasema siku 60 za kazi. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki atakaa nyumbani wiki 12; wa siku sita, wiki 10 tu. Kenya ni miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka haiguswi.

Tanzania ina kipengele ambacho wengi hukigundua wakiwa tayari na mimba ya pili: likizo yenye malipo ni moja katika mzunguko wa miezi 36, isipokuwa mtoto amefariki kabla ya kutimiza mwaka. Kwa upande mwingine, mama anayerudi kazini ana haki ya hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku, na mwanachama wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, aliyechangia miezi 36 asisahau kuulizia fao la uzazi.

Kwangu mimi, hata hivyo, swali zito ni mfuko unaotoa hela. Kenya na Uganda mzigo wote ni wa mwajiri. Mshahara ukiwa shilingi 60,000 za Kenya, likizo ni 180,000, na bado kuna wa kumlipa kushika nafasi. Benki haitikisiki. Mwenye duka la dawa lenye wahudumu watatu anatikisika, ndiyo maana kwenye usaili msichana anaulizwa kama ana mchumba.

Rwanda walikuwa na shida hiyohiyo, tena mbaya zaidi: zamani wiki sita za mwisho zililipwa asilimia 20 tu ya mshahara. Sheria ya 2016 ikaanzisha mfuko chini ya RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo. Kila mwajiriwa, mwanamume au mwanamke, anakatwa asilimia 0.3, na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Kwa mshahara wa faranga 300,000, makato ni 900 kwa mwezi. Mwajiri anabeba wiki sita za kwanza, zinazobaki zinarudishwa na mfuko. Tangu 2023 likizo ni wiki 14, mshahara kamili. Kwa bei hiyo, sijaona nafuu zaidi katika ukanda wetu.

Akina baba: Kenya wiki mbili, Rwanda siku saba za kazi, Uganda nne, Tanzania tatu.

Na anayeota Marekani ajue kwamba sheria ya taifa ya 1993 inampa wiki 12 bila senti, tena kama mwajiri ana wafanyakazi 50 au zaidi. Baadhi ya majimbo, kama California, yana malipo yake.

Jambo la mwisho ni taarifa. Kenya barua ya siku saba kabla inatosha. Tanzania inatakiwa miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari.