SOLI YA SOKONI AU SOLI YA KUPIMIWA HOSPITALI?



Tunapopita nyumba kwa nyumba hapa Nakivale tunakutana na watu wengi wanaoumwa nyayo. Wengine wamesikia kwamba hospitali ya Mbarara ina karakana inayotengeneza soli za kuweka ndani ya kiatu kwa kipimo cha mguu wa mgonjwa, na wanataka wapelekwe huko. Wengine hawataki habari za hospitali, wamenunua soli ya sponji sokoni na wameridhika. Mama mmoja aliuza mahindi yake ya mwezi mzima ili apate nauli ya kwenda kupimiwa. Alikuwa anaumwa kisigino tu. Safari ile hakuihitaji, na watoto wake ndio waliolala njaa.

Soli ya sokoni imekatwa kufuata namba ya kiatu, basi. Ile ya kupimiwa inafuata mguu wako: fundi anachukua umbo la unyayo kwa plasta, anatengeneza mfano wake, halafu anaifinyanga plastiki iliyopashwa moto juu ya mfano huo. Utarudi tena kuijaribu na kurekebishiwa. Ndiyo maana inachukua siku nyingi na pesa nyingi.

Sasa, ukiamka asubuhi na hatua za kwanza zinachoma kisiginoni kama msumari, halafu maumivu yanapungua ukitembea, mara nyingi ni ule ukano mpana wa chini ya unyayo umechoka. Tunabeba kuni na jerikani mbali, tena kwa kandambili nyembamba. Watafiti wamelinganisha soli za aina hizi mbili kwa wagonjwa wa namna hii, na baada ya mwaka hawakuona tofauti ya maana. Kwa hiyo anza na ya bei nafuu.

Lakini kiatu kwanza. Soli haikai kwenye kandambili. Tafuta kiatu cha kufunika, hata cha mitumba, au sandali yenye mkanda wa nyuma. Kikunje kwa mikono: kikikunjika katikati kama gazeti, mwachie muuzaji. Kinatakiwa kikunjike penye vidole. Toa soli ya zamani kabla ya kuweka mpya, la sivyo kiatu kitabana. Siku ya kwanza ivae saa moja tu, kisha ongeza kidogo kidogo. Na kila asubuhi, kabla hujashuka kitandani, shika vidole vya mguu uvivute kuelekea kwako, hesabu mpaka kumi, uachie. Fanya hivyo mara kumi. Maumivu haya hupona polepole, kwa miezi, kwa hiyo usitupe soli baada ya wiki moja.

Mtoto mdogo mwenye unyayo bapa, asiyelalamika na anayekimbia na wenzake, hahitaji soli yoyote. Lakini mtoto aliyezaliwa na unyayo uliopinda kuelekea ndani mpeleke zahanati katika wiki zake za kwanza. Huyo hutibiwa kwa kufungwa plasta, si kwa soli.

Watu tunaowahofia zaidi ni wenye ganzi miguuni, hasa wagonjwa wa kisukari na waliowahi kuugua ukoma. Mzee mmoja mwenye kisukari alinunua soli ngumu yenye kibonge katikati. Ilimkwaruza kutwa nzima bila yeye kusikia. Mke wake ndiye aliyeona damu kwenye soksi. Kidonda kiliingia ndani, na mwishowe alikatwa vidole viwili.

Jipime nyumbani. Fumba macho, na mtu wako akuguse kwa ncha ya kidole, polepole bila kukandamiza, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na kile kidogo kabisa, miguu yote miwili. Ni mara sita. Ukikosa kusikia mara mbili au zaidi, usinunue soli sokoni. Nenda zahanati, eleza hivyo hivyo, na uombe upimwe miguu. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa. Nenda pia kama mguu mmoja ni mfupi kwa sababu ya polio, au umepinda baada ya kuvunjika au kupigwa risasi. Usijigundishie kipande cha ubao chini ya kiatu, tumeona kinavyoumiza kiuno.

Wakati unangoja, tazama nyayo zako kila jioni. Kama huoni vizuri, mwombe mtoto akutazamie. Usitembee peku, na usiote moto kwa miguu. Kabla ya kuvaa kiatu ingiza mkono ndani upapase, maana kijiwe kimoja kinatosha.

Siku ya kwenda zahanati au karakana, vaa kile kiatu unachovaa kila siku, si kile cha kanisani. Soli itatengenezwa ili iingie katika hicho.