Muziki Unapotiwa Majini

Wahenga walinena kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Siku hizi wako wanaoyavulia nguo, wakayaoga, na juu ya hayo wakataka kuogelea huku wakiimbiwa. Si ajabu. Mwili unaofanya kazi hupenda mdundo. Mabaharia wetu wa zamani walipopandisha foromali waliimba, wavuvi wakikokota juya huimba, na mama atwangaye kinuni hupokezana wimbo na mwenziwe. Lililo jipya ni kwamba mwimbaji sasa ni kidude chepesi kinachovaliwa kichwani na kuzama pamoja na mwenye kukivaa.

Vidude hivyo vimeingia madukani, na watu huuliza kipi kizuri. Kabla ya kujibu, heri tupande bara kidogo, tufike Bokoli, katika kaunti ya Bungoma, upande wa Webuye. Wabukusu wa huko wanajua tangu zamani safari ya majini inayosindikizwa na muziki, na ada yao ina funzo kwetu.

MTONI ALFAJIRI

Wabukusu hutahiri vijana wao kila mwaka wa shufwa, kama vile 2022 na 2024, na aghalabu huwa mwezi wa Agosti. Sisi pwani mtoto hutahiriwa angali mdogo. Wao humngoja akue, aombe mwenyewe. Akishakubaliwa, hupewa kengele za chuma ziitwazo chinyimba. Huzishika mikononi na kuzigonga kwenye bangili za chuma alizovaa, huku akicheza na kuimba na wenzake, akiwazungukia jamaa kuwaalika. Msomaji wa pwani awaze njuga na msewe, lakini hizi ni za mikononi. Mdundo wautoa mwenyewe, kwa nguvu zake mwenyewe, na mtu aliye mbali husikia kengele akajua kijana wa fulani anapita.

Siku yenyewe ikifika, hupelekwa mtoni alfajiri. Mito ya kule hupokea maji ya Mlima Elgon, na mingi yake huishia katika Nzoia, unaoporomoka Nabuyole karibu na Webuye na kwenda zake hadi Ziwa Viktoria. Maji ya saa hiyo ni baridi. Kijana huvua nguo, huoshwa, hupakwa tope mwilini, kisha hurudishwa nyumbani kwa wimbo uitwao Sioyaye, unaoimbwa na wote wanaomsindikiza. Akifika uani kwa baba yake husimama wima bila ya kutikisika.

Hatuifananishi ada hiyo na mchezo wa kuogelea. Twaitazama kwa jambo moja tu: kijana yule yuko majini, na muziki uko naye, lakini hayuko peke yake. Sauti inayomtia moyo ndiyo hiyo hiyo inayowajulisha watu alipo. Kidude cha leo kina kasoro hapo, kwani chamwimbia mmoja peke yake na kumziba asisikie wengine.

MAJI NA MASHINE

Muziki wa kuchukuliwa haukuwa rafiki wa maji. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, sauti yake ilirudi Unguja juu ya sahani za santuri, na santuri mahali pake ni barazani. Julai 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, mashine ya kaseti ya kutembea nayo. Mwaka 1983 ikafuata ya manjano, ya wanamichezo, iliyozibwa vizuri zaidi. Hiyo ilistahimili marasharasha. Kuzama nayo ilikuwa ni kuiaga.

Mashine za leo huzama, lakini si zote, na hapo ndipo wanunuzi wanapopotea. Mtu huona hedifoni zisizo na waya, akaambiwa haziingii maji, akanunua. Akazamisha kichwa, kimya! Huidhani imeharibika, kumbe ni nzima. Bluetooth husafiri kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, na maji huyameza mawimbi hayo katika sentimita chache tu. Simu iliyoachwa juu ya mkeka ufukoni haiwezi kumwimbia aliye chini ya maji, hata kama ni hatua mbili.

Basi swali la kwanza si la bei wala rangi. Jiulize: kichwa changu kitakuwa juu ya maji au ndani yake? Anayefanya mazoezi amesimama, maji yamemfika kifuani, akirusha mikono na kuinua magoti, Bluetooth yamtosha. Tena huyo hana haja ya kuvaa kitu masikioni. Spika ndogo ukingoni itawaimbia yeye na wenzake, na akiitwa atasikia. Anayeogelea kichwa kikizama ataka chombo chenye hifadhi yake ndani, ambamo nyimbo zimetiwa kabla ya kwenda majini. Gigabaiti 4 huchukua nyimbo kiasi cha elfu moja za kawaida. Mpenzi wa taarabu apunguze hesabu, kwani zetu ni ndefu. Iko ya kampuni ya Shokz, OpenSwim Pro, iliyotoka mwaka 2024 na gigabaiti 32. Ajue pia kwamba nyimbo za kulipia kwa mwezi, zinazosikilizwa ndani ya programu ya simu, aghalabu hazihamishiki. Zinazohamishika ni faili zake mwenyewe, kama za MP3.

Pili, soma alama iliyo kwenye sanduku. IPX4 ni ya matone na jasho, usizame nayo. IPX7 ni kuzama kina cha mita 1 kwa dakika 30. IPX8 ni zaidi ya hapo, kwa kina na muda atakaoutaja mtengenezaji. Vipimo hivyo hufanywa katika maji yasiyo chumvi, yaliyotulia. Bahari yetu haikutulia, na chumvi yake hula chuma. Tafuta maandishi yasemayo wazi kuwa chombo charuhusiwa maji ya bahari. Yasiposema, kiweke cha bwawani.

Tatu, yako mashindano ya sikio na mfupa. Vingine huziba tundu la sikio. Vingine hukaa mbele ya sikio na kutikisa mfupa wa shavu, sauti ikapita fuvuni hadi ndani. Vya mfupa huacha sikio wazi, na ukanda wake hupita nyuma ya kichwa, kwa hivyo mwanamke aogeleaye na mtandio wa kuogelea aweza kuuvaa chini ya kitambaa. Vidude vyenyewe viguse ngozi, visikae juu ya nguo. Mwenye ngoma ya sikio iliyotoboka amwone daktari kwanza.

SIKIO MOJA LA BAHARI

Sasa tufike kwenye roho ya mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Majini sikio la binadamu tayari ni dhaifu. Sauti hewani huenda kama mita 340 kwa sekunde. Majini huenda kama mita 1,500. Akili yetu hutambua upande wa sauti kwa tofauti ndogo ya wakati kati ya sikio na sikio, na kwa kasi hiyo tofauti hupotea. Muogeleaji husikia mashine ya boti asijue yatoka kulia au kushoto. Ukimwongezea na muziki wa kelele, hata hiyo boti haisikii.

Kwa hiyo bwawani, penye mlinzi na kamba za kugawa njia, vaa ukitaka. Baharini, Bamburi au Shela, penye boti na mkondo, kivue. Bahari haishi zinge. Ukishindwa kabisa kukiacha, basi usitoke peke yako, kaa maji ya kusimamika, na awepo mtu ufukoni anayekutazama wewe, si simu yake. Sauti iwe ya chini. Shirika hilo hilo hushauri isipite desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Ukitoka, kioshe chombo kwa maji baridi yasiyo chumvi, kikauke sawasawa, ndipo ukitie moto wa umeme. Vingi hufa kwa kuchajiwa vikiwa na chumvi.

Wako watakaotaka kutia Kurani badala ya nyimbo. Nia ni njema, lakini tulifundishwa chuoni kwamba ikisomwa, hunyamazwa na kusikilizwa kwa utulivu. Mtu anayepigana na mawimbi hana utulivu huo. Aiweke kwa wakati atakapokuwa amekauka na kukaa kitako. Majini kasida za dufu zina mdundo wa kutosha mkono na mguu.

Wale wa Bokoli hawana haja ya alama za sandukuni. Chuma mkononi na watu nyuma, kijana huenda mtoni na kurudi. Sisi tuna mashine nzuri kuliko chinyimba, lakini haimwiti jirani. Kazi hiyo imebaki ya mwenzako aliye ufukoni, na kabla hujakivaa kidude, mwambie waingia wapi na watoka saa ngapi.